Je, Wajua? Saa ya Babu Ina Yakuti Ndani

Mto Umba huanzia milima ya Usambara na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi upande wa Kenya. Katika bonde lake wachimbaji hupata yakuti za rangi nyingi: bluu, zambarau, manjano, nyekundu. Huko juu Lushoto, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, jiwe la jamii hiyo hiyo huenda limelala kabatini, ndani ya saa ya mkono ya babu, ile ya kutia ufunguo, iliyosimama miaka mingi.

Namba 17 iliyoandikwa kwenye uso wa saa nyingi za zamani ni hesabu ya mawe hayo. Ncha za magurudumu huzunguka ndani ya matundu ya yakuti kwa sababu jiwe hilo ni gumu na uso wake ni laini, haliliki upesi. Usiivunje saa kwa tamaa, maana mawe hayo hayana bei ya kito: tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza mwaka 1902 njia yake ya kuotesha yakuti kwa moto, mawe ya saa hutengenezwa kiwandani.

Anayetaka kuifufua saa hiyo mwenyewe mezani aanze kwa kuufikiria udogo wa kitu. Ncha ya gurudumu la mizani, lile linalochezacheza kushoto na kulia, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Katika saa nyingi za zamani gurudumu hilo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde.

Kosa la kwanza hufanywa kabla hata kazi haijaanza: kufungua saa ambayo springi yake kubwa bado imejaa. Ukitoa kipande kinachozuia magurudumu, nguvu yote huachiliwa kwa mkupuo na ncha huvunjika. Fundi hushika kichwa cha ufunguo kwa vidole, husogeza komeo dogo la springi, kisha huacha kichwa kirudi polepole mpaka nguvu iishe. Springi ndogondogo nazo huruka. Zifungulie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Ikiruka sakafuni, umeipoteza.

Linalowashinda wengi ni mafuta. Nyumbani kuna mafuta ya cherehani, kuna ya nazi, na mkono huyakimbilia. Ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na wakati wa baridi Lushoto hilo ni jambo la kila siku. Ya cherehani hutambaa, yakaacha tundu kavu na kulowesha springi ya gurudumu la mizani, nyembamba kama unywele, mizunguko yake ikashikana na saa ikaanza kukimbia. (Sumaku ya spika ya redio huleta ugonjwa huo huo.) Mafuta ya saa hutengenezwa yatulie mahali pamoja, tone dogo kuliko kichwa cha pini, ndani ya kikombe kilichochongwa juu ya jiwe. Na kuongeza mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani ni kuchanganya tope. Kwanza osha, kausha, ndipo utie. Siku ya ukungu funga saa haraka, unyevu usibaki ndani.

Kurudisha vipande ndiko kugumu kuliko kufungua. Bamba la juu linashika ncha tatu au nne kwa wakati mmoja, kila moja na tundu lake, nawe huzioni vizuri hata kwa lenzi. Anayeanza hukaza skrubu akidhani bamba litajipanga, na anachosikia ni ncha ikikatika. Mwenye subira hugusa gurudumu moja moja kwa ncha ya kibano, kidole kikilemea bamba kwa uzito wa manyoya tu. Bamba likikaa lenyewe, ndipo anashika bisibisi.