Betri ya Pikipiki Wakati wa Baridi: Kufundisha Sayansi kwa Daftari la Mapato na Matumizi

Utangulizi

Katika Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni majira ya baridi. Mjini Njombe joto la usiku hushuka chini ya sentigredi 10, na katika uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,600, sakitu huonekana juu ya majani alfajiri. Ndiyo miezi ambayo mwalimu mwenye pikipiki hubonyeza swichi ya selfu asubuhi, akasikia mlio hafifu tu, kisha kimya.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya nyanda hizo, tulimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha juu ya nishati ya umeme. Msichana mmoja aliuliza kwa nini pikipiki ya mwalimu wao haikuwaka asubuhi ile. Akajibiwa kwamba baridi imeiua betri. Mtoto akauliza tena: "Mbona pikipiki ya kaka, ya kubebea abiria, inalala kwenye baridi hiyo hiyo, nayo inawaka?" Mwalimu akaliamuru darasa linakili ubaoni sehemu za betri.

Hatulitaji jambo hili ili kumlaumu mwenzetu. Jibu lake lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini lilifunga mlango ambao mtoto alikwisha kuufungua. Mtoto yule alikuwa amefanya kazi ya kisayansi: alichukua vitu viwili vilivyo sawa katika hali moja, akauliza vinatofautiana katika nini. Makala hii inakusudia kueleza jibu lililo kamili, na namna ya kulifikia pamoja na darasa.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Betri ya kawaida ya pikipiki ina vyumba sita, na kila chumba hutoa takribani volti 2. Ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Inapotoa umeme, mabamba na tindikali hubadilika kikemikali na mabamba hupata utando wa salfeti ya risasi. Inapochajiwa, mabadiliko hayo hurudi nyuma.

Baridi huleta madhara mawili. Kwanza, mabadiliko ya kikemikali hupungua kasi. Betri inayotoa umeme wake wote katika joto la sentigredi 25 hutoa kiasi cha asilimia 80 tu inapokuwa kwenye sentigredi 0. Pili, oili ya injini huwa nzito, hivyo selfu huhitaji nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, baridi hupunguza kinachoweza kutolewa na wakati huo huo huongeza kinachodaiwa. Lakini baridi yenyewe haichoti umeme kutoka katika betri. Kinachoimaliza betri ni matumizi yasiyorudishwa, na hapo ndipo safari fupi inapoingia.

Daftari la betri

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa basi wanafunzi waione betri kama mkoba wa akiba. Selfu hutoa, injini inapozunguka hurudisha, baada ya plagi na taa kupata sehemu yao. Umeme unaotoka au kuingia hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa sekunde.

Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu, kwamba selfu hutumia ampea 50 kwa sekunde 5 kila inapojaribiwa, na kwamba katika mwendo wa polepole betri hupokea ampea 1. Mwalimu anakaa kilomita 2 kutoka shuleni na husafiri kwa dakika 5. Asubuhi injini huwaka katika jaribio la tatu. Alasiri, jua likiwa limetoka, huwaka mara moja.

Asubuhi: matumizi, 50 × 5 × 3 = 750; mapato, 1 × 300 = 300; upungufu 450.
Alasiri: matumizi, 50 × 5 = 250; mapato 300; ziada 50.
Upungufu wa siku: 400. Upungufu wa siku tano za shule: 2,000.

Betri ya ampea 7 kwa saa hubeba 7 × 3,600, yaani 25,200. Kwa mwendo huo, katika muda wa wiki sita hivi karibu nusu ya akiba imekwisha, nayo nusu iliyobaki ndiyo hiyo inayodhoofishwa na baridi. Ikumbukwe pia kwamba si umeme wote unaoingia unaohifadhika. Hali halisi huwa mbaya kuliko hesabu yetu.

Sasa swali la msichana yule lina jibu. Pikipiki ya kaka yake hulala kwenye baridi ile ile, lakini hushinda barabarani. Deni la asubuhi hulipwa kabla ya saa nne.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Anza na swali la pikipiki mbili. Usilijibu. Waache wanafunzi wataje tofauti zote wanazozidhania, uziandike ubaoni.

Hatua ya pili: Wape takwimu, wajaze daftari wenyewe kwa vikundi. Kisha wabadilishe jambo moja tu: je, mwalimu akiwasha asubuhi kwa kupiga kiki? Watagundua kwamba matumizi ya asubuhi huwa sifuri, na upungufu wa 400 kwa siku hugeuka kuwa ziada ya 350. Je, akisafiri Jumamosi kwa mwendo wa kutosha, betri ikipokea ampea 2? Deni la wiki nzima hulipwa kwa sekunde 1,000, yaani takribani dakika 17. Kwa tahadhari tuseme nusu saa.

Hatua ya tatu: Pimeni. Pikipiki ikiwa imepumzika usiku kucha, voltimita ikionyesha 12.6 au zaidi betri imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, nayo yahitaji kuchajiwa. Betri zilizofungwa kabisa huonyesha zaidi kidogo. Injini ikiunguruma, kipimo kiwe kati ya 13.5 na 14.5; kisipopanda, kasoro imo katika mfumo wa kuchaji, wala si baridi. Pasipo na voltimita, sikilizeni honi na kutazama indiketa injini ikiwa imezimwa, kabla na baada ya safari ndefu.

Hatua ya nne: Darasa liandike shauri kwa mwenye pikipiki: kupiga kiki asubuhi za baridi, safari ndefu mara moja kwa wiki, kutoiacha injini ikiunguruma polepole kwa kudhani kwamba inachaji vya kutosha, na kuchaji kwa chaja ya umeme mdogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ujazo wa betri, yaani ampea 0.7 kwa betri ya ampea 7. Betri iliyoachwa bila chaji kwa wiki nyingi, salfeti hukomaa juu ya mabamba, nayo huharibika kabisa.

Tahadhari

Tindikali huunguza ngozi na macho; mwanafunzi asiiguse betri, mwalimu ndiye apimaye. Ikimwagika mwilini, maji mengi yatumike mara moja. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, hivyo moto usiwe karibu. Katika kuifungua, waya wa hasi utangulie kutolewa. Katika kuifunga, uwe wa mwisho. Betri inayojazwa huongezwa maji yaliyokenekwa, si tindikali. Iliyochakaa isipasuliwe kamwe, kwa kuwa risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi.

Hitimisho

Wiki iliyofuata mwalimu mwanafunzi wetu alisimama mbele ya darasa akasema kwamba jibu lake la awali halikutosha, akamwomba msichana yule arudie swali lake. Kipindi hakikutosha kwa majadiliano yaliyofuata. Hakupungukiwa na heshima kwa kufanya hivyo. Mwanachuo, siku moja nawe utaulizwa swali linalokushinda. Usiligeuze kuwa zoezi la kunakili, lifungulie daftari.