Shingo inayouma inataka kazi

Saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha Madale. Kijana mrefu amekosa kiti, anajibana ndani ya Hiace huku kidevu kikigusa kifua, na hivyo hivyo atafika Mwenge. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5. Kadiri kinavyoinama, ndivyo misuli ya kisogoni inavyokaza kukishikilia. Fundi cherehani na mwenye simu mkononi nao huinama vivyo hivyo, ila wao wameketi.

Jioni maumivu yanapelekwa saluni. Kinyozi akishakanda mabega, anakamata kidevu na kisogo, anazungusha kichwa ghafla mpaka shingo inalia ko! Naomba sana tuliache jambo hili. Ni nadra, lakini mzunguko huo unaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, na kiharusi kikafuata.

Maumivu yakipita miezi mitatu huitwa sugu. Hapo wengi huipumzisha shingo na kumeza dawa ya maumivu, diklofenaki, na misuli isiyotumika inazidi kulegea. Mwaka 2003 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wanawake 180 wa maofisini wenye maumivu hayo sugu, waliofuatiliwa mwaka mzima. Walioimarisha misuli ya shingo walipata nafuu kubwa kuliko walioambiwa wanyooshe viungo na kufanya mazoezi ya moyo na mapafu tu.

Mtaalamu wa fiziotherapia huanzia padogo. Lala chali, khanga iliyokunjwa iwe chini ya kisogo. Vuta kidevu ndani taratibu, kama unayeitikia ndiyo kimoyomoyo. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara 10. Ukiona kamba mbili za mbele ya shingo zimetokeza, umetumia nguvu mno. Inayotafutwa ni misuli midogo iliyojificha nyuma ya koo. Ukishazoea, weka kiganja kwenye paji na usukumane nacho bila kichwa kusogea, kisha pandisha mabega ukiwa na chupa ya maji kila mkono. Nafuu huja kwa wiki kadhaa, si siku tatu.

Lakini ganzi mikononi, vidole kushindwa kufunga vifungo, miguu kuyumba, homa au kukonda si mambo ya khanga na chupa. Kifua kikuu hushambulia hata pingili za shingo. Mwenye dalili hizo awahi hospitali, Mwananyamala kwa mfano, na ikibidi atapewa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Aliyeanguka na bodaboda shingo ikauma asiguswe na kinyozi wala kupakiwa bodaboda nyingine. Alazwe, kichwa kitulizwe, gari litafutwe.