Hugo Pratt, Mwandishi na Mchoraji wa Hadithi za Picha

Wasomi wengi huzidharau hadithi za picha na kuzihesabu kuwa mchezo wa watoto. Dharau hiyo ina sababu, kwa kuwa nyingi katika hizo huandikwa upesi ili ziuzwe upesi. Lakini sanaa hupimwa kwa kilicho bora ndani yake, si kwa kilicho hafifu. Mwenye kuandika na kuchora pia ana njia mbili za kusema, na akizitumia zote sawasawa huweza kueleza jambo ambalo njia moja peke yake haitoshi kulieleza. Mmoja wa watu hao alikuwa Hugo Pratt, Mtaliani. Habari zake zafaa kujulikana Afrika ya Mashariki, maana utoto wake ulipita katika bara hili, na kazi zake zilirudi huku mara nyingi.

Pratt alizaliwa Rimini tarehe 15 Juni, 1927, akalelewa Venice. Baada ya jeshi la Italia kuivamia Uhabeshi, baba yake alikwenda huko kuitumikia serikali ya kikoloni, na mwaka 1937 jamaa yake ikamfuata. Hugo angali mtoto aliandikwa na baba yake katika polisi ya kikoloni. Mwaka 1941 Waingereza walishinda. Baba alitekwa, akafa kifungoni mwaka 1942. Mama na mwana waliwekwa katika kambi ya Dire Dawa, na huko kijana akawa ananunua hadithi za picha kwa walinzi. Mwaka 1943 walirudishwa Italia. Hivyo mtoto aliyeingia Afrika pamoja na watawala alitoka pamoja na wafungwa. Aliwaona watu wa upande wa kila bendera, na katika kazi zake za baadaye ni nadra bendera kuwa kipimo cha wema wa mtu.

Mwaka 1945, pamoja na wenzake wa Venice, alishiriki kuanzisha gazeti la hadithi za picha lililoitwa Asso di Picche. Gazeti hilo lilisababisha aitwe Argentina, akahamia Buenos Aires mwaka 1949. Huko alikutana na mwandishi hodari, Héctor Germán Oesterheld. Oesterheld aliandika, Pratt akachora, na kutoka ushirika huo zikapatikana hadithi za Sgt. Kirk, mwaka 1953, na za Ernie Pike, mwaka 1957. Ernie Pike ni mwandishi wa habari za vita ambaye hakutafuta mashujaa. Alitafuta binadamu waliobanwa na vita. Pratt alimpa sura ya Oesterheld mwenyewe. Mwaka 1977 Oesterheld alikamatwa na serikali ya kijeshi ya Argentina, wala hakuonekana tena.

Mwaka 1959 Pratt alianza kuandika hadithi alizozichora. Ya kwanza, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Anna della jungla, mahali pake ni Afrika ya Mashariki kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Katika hiyo bado Afrika ni ile ya michezo ya sinema: mwitu, ngoma na hatari, na Wazungu wakiwa katikati ya mambo.

Baada ya kufanya kazi London kwa muda mfupi, alirudi Italia mwaka 1962. Mwezi wa Julai, 1967, katika gazeti lililopigwa chapa Genoa, ilianza hadithi yake ndefu, Una ballata del mare salato, habari za bahari ya Pasifiki. Humo baharia Corto Maltese anaonekana kwanza akiwa amefungwa juu ya chelezo, ametupwa baharini. Imesimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliambiwa kiganja chake hakina mstari wa bahati. Akatwaa wembe wa baba yake, akajichanja mstari alioutaka. Kuanzia mwaka 1970 hadithi zake zilitoka katika gazeti la Kifaransa, Pif Gadget, na jina la Pratt likaenea Ulaya.

Katika mfululizo uitwao Le Etiopiche, Corto anafika Yemen, Usomali, Uhabeshi na hata Rufiji, wakati Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakipigana. Rafiki yake ni Cush, mpiganaji Mwislamu wa kabila la Beni Amer. Cush si mtumishi wala mpagazi. Ana dini yake, hoja zake na vita vyake mwenyewe, na humjibu Corto kama mtu amjibuvyo mwenzake. Tofauti kati ya Cush na Waafrika wa hadithi za zamani ndiyo kipimo cha safari aliyosafiri Pratt katika fikira.

Hata hivyo msomaji asichukue hadithi kuwa tarikh. Hadithi ya Rufiji yataja chama cha siri cha watu-chui, na vyama vya namna hiyo vyajulikana zaidi katika habari za Afrika ya Magharibi na za Kongo. Pratt alisoma sana na kuona mengi, lakini alichanganya alichosoma, alichoona na alichobuni, hata katika kusimulia maisha yake mwenyewe.

Kwa miaka yake ya mwisho alikaa Uswisi, akafa tarehe 20 Agosti, 1995. Mtoto hachagui jeshi litakalomchukua wala nchi atakayopelekwa. Lakini mtu mzima huchagua jinsi ya kuwasimulia watu aliowakuta huko. Uchaguzi huo ndio mstari ambao Pratt alijichanja mwenyewe.