Seva ndogo ya nyumbani: anza na RAM, prosesa itafuata

Mtu anayetafuta kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine pepe nyumbani huulizia prosesa kwanza. Ni i5 au i7? Kizazi cha ngapi? Mimi humwambia aanze na RAM. Mashine pepe nyingi za nyumbani hushinda zikisubiri kazi, kwa hiyo prosesa yenye kori 6 inaweza kuhudumia mashine kumi bila kuelemewa. RAM haigawanywi kirahisi hivyo. Ukishaitengea Windows 11 GB 8, hizo zimekwenda, hata kama hakuna aliyeigusa tangu asubuhi.

Piga hesabu. Windows moja ya vitabu vya biashara, GB 8. Linux ya kujifunzia, GB 4. Home Assistant ya kuongozea taa na kamera, GB 2. Pi-hole ya kuzuia matangazo, nusu GB. Proxmox, programu inayozibeba zote hizo, iachie GB 2. Umefika 16.5, na bado hujajaribu kitu kipya. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo kila kitu hujikokota. Nunua GB 32, kwenye mashine inayoweza kupandishwa hadi 64.

Ndiyo maana vile vijikompyuta vipya vya Intel N100 sivipendekezi kwa kazi hii, ingawa vinakula umeme kidogo sana. Intel yenyewe inaidhinisha GB 16 tu kwa prosesa hiyo, na vingi vina nafasi moja ya RAM.

Mtumba wa ofisini ni bora zaidi. Tafuta Lenovo ThinkCentre M720q, Dell OptiPlex 7060 Micro au HP EliteDesk 800 G4 Mini. Zote ni kompyuta unazoweza kuzishika kwa mkono mmoja, na nyingi huja na i5-8500T yenye kori 6 na nafasi mbili za RAM ya DDR4. Za kizazi cha 6 na cha 7 zinatupwa na maofisi kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Proxmox imejengwa juu ya Linux, haijali hilo. Hata hivyo, ukiweza ongeza pesa upate kizazi cha 8: i5-7500T ina kori 4 tu.

Kuna anayevutwa na seva kubwa za reki zilizostaafishwa na vituo vya data, maana zina kori tele na RAM tele kwa bei ya kuokota. Lakini seva haizimwi usiku. Inayokula wati 120 mfululizo itamaliza uniti 86 hivi kwa mwezi. Ndogo inayotulia kwenye wati 15 itamaliza 11. Kwa Tanzania, nyumba iliyo kwenye kundi la D1, la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, itatolewa humo na seva hiyo peke yake, kabla hujahesabu friji. Bado hujasikia kelele za feni zake sebuleni.

Umeme unaokatika ndio unaonifanya nisisitize diski. SSD ya kawaida hushikilia sehemu ya data kwenye kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuiandika, na umeme ukienda ghafla data hiyo hupotea. SSD za vituo vya data, kama Intel S4510 au Samsung PM883, zina kapasita ndani zinazoipa diski muda wa kumalizia kuandika. Za M.2 za aina hiyo mara nyingi zina urefu wa milimita 110 na haziingii kwenye mashine hizi, ila za SATA za inchi 2.5 zinakaa vizuri. Hata ikiwa imetumika, ilimradi afya yake inasomeka vizuri, naiamini kuliko SSD mpya ya bei ya chini. Ongeza UPS ndogo, kisha ingia BIOS uiagize mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

BIOS hiyo ifungue ukiwa bado dukani. Mashine nyingine huja na nywila ya msimamizi iliyoachwa na ofisi ya kwanza, na bila nywila hiyo huenda usiweze kuwasha VT-x, inayoruhusu mashine pepe kutumia prosesa moja kwa moja, wala VT-d, ya kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi kama kadi ya mtandao. Kisha omba ifunguliwe. Kwa M720q ni skrubu moja tu nyuma. Mfuniko wa juu unateleza mbele na kutoka, wa chini unafuata, na huo ndio unaofunika RAM. Mara nyingi utakuta kipande kimoja cha GB 8, basi weka kwenye bajeti vipande viwili vya 16.

Ukifika nyumbani, iachie Memtest86+ usiku kucha kabla ya kupakia chochote. RAM mbovu huharibu data kimyakimya, na i5-8500T haitumii RAM ya ECC ambayo ingekamata makosa hayo.