Kilimani: View Ni Sufuria ya Jirani

Wasee, tusidanganyane. Kilimani hakuna mtu hubuy keja. Unabuy rooftop, alafu keja unawekewa kama nyongeza.

Kitambo hii mtaa ilikuwa bungalow, lawn na mbwa mkali. Saa hii compound ya bungalow moja imebebeshwa gorofa juu ya gorofa, na kutoka Kirichwa Road hadi Wood Avenue ni crane na mabati ya mjengo tu. Brochure ilikuonyesha sunset. Sawa, ukihamia sunset iko. Ngoja plot ya jirani nayo ipande. Sunset yako imegeuka sufuria ya msee wa block ya pili. Unajua anapika nini, anajua unapika nini. Ijumaa ni omena. Zile curtain za bei mbaya zilikuwa za urembo, sasa ndio ukuta wako.

Mzae naye? Mshow umebuy two-bedroom gorofa ya kumi na mbili, ana swali moja tu: "Na shamba iko wapi?" Buda, tulia. Sectional Properties Act ya 2020 ilichukua nafasi ya ile ya 1987, na unit yako inatoka na title yake, hata kama iko huko juu na makunguru. "Title ya hewa!" Anacheka hadi anakohoa. Wacha acheke. Ako na ekari ushago na haijawahi kuwa na lifti.

Chenye kitakumaliza ni service charge. Thao kumi kwa mwezi, hapa hakuna mtu anashtuka. Hiyo inalipia lifti, jenereta, borehole, masojaa, na gym yenye treadmill imekuwa kamba ya kuanika taulo. Pool? Maji ni baridi noma. Watu hutumbukiza mguu, wanapiga picha, wanahepa. Na usichelewe kulipa, juu management inamwaga list ya wadeni kwa WhatsApp ya block, namba ya keja na kila kitu. Ndio tukajua B704 hajalipa tangu Januari. B704! Yule wa Mercedi, mwenye hukataa kusalimia watu kwa lifti.

Nguo kwa balcony nayo ni kesi kubwa kuliko wizi. Mathe alikam kututembelea, akaanika blanketi yake pale nje kama kawaida ya ushago. Warning iliingia kwa group kabla blanketi ishike jua. Mathe akauliza, "Kwani hapa watu huvaa maji?"

Weekend ni ya Airbnb. Lifti imejaa masuitcase na perfume, na lazima msee mmoja akuulize password ya Wi-Fi. Boss, mi naishi hapa.

Lakini kuja lunch hour uone raha. Asubuhi watu walikuwa wanapiga picha latte ya soo nne karibu na Yaya Centre. Saa saba wote wako nje ya gate, kwa kibandaski imeegemea mabati ya mjengo. Fundi na helmet yake, landlady wa penthouse na Crocs zake, bench ni moja, chapo madondo ni zile zile. Mama wa kibanda ako na kadaftari ka madeni. Nilichungulia kidogo tu.

B704, ukurasa mzima.