Shahada za Vyuo vya Faida Mbele ya Waajiri

Nchini Marekani vyuo vya elimu ya juu ni vya aina tatu. Viko vyuo vya umma, viko vyuo vya binafsi visivyotafuta faida, na viko vyuo vinavyoendeshwa kama makampuni, ambavyo ziada ya mapato yake huwa ni mali ya wenye hisa. Vyuo hivi vya aina ya tatu vilipanuka upesi katika miaka ya 1990 na 2000, hasa vilipoanza kufundisha kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wake wengi hukopa fedha ili kulipa ada. Je, mwajiri huiheshimu shahada iliyotoka huko?

Ugumu wa swali

Yawezekana msomaji akadhani kwamba jibu ni rahisi: tuwahesabu wahitimu wa vyuo hivi na vile, kisha tulinganishe ajira zao. Hesabu ya namna hiyo haitoshi. Kwa wastani, wanafunzi wa vyuo vya faida wana umri mkubwa zaidi na kipato kidogo zaidi kuliko wenzao. Wakikosa kazi, hatuwezi kujua kama sababu ni chuo au ni hali yao ya maisha. Mwanafunzi wa sayansi anaijua kanuni: anayetaka kupima athari ya kitu kimoja hana budi kuhakikisha kwamba vitu vingine havibadiliki.

Jaribio

Mwaka 2014 wataalamu watano, wakiwamo David Deming, Lawrence Katz na Claudia Goldin, waliitumia kanuni hiyo. Walitunga maombi ya kazi zaidi ya 10,000 ya watu wasiokuwapo, wakayapeleka kwa waajiri halisi katika miji mikubwa mitano. Jina la chuo liliwekwa katika kila ombi kwa kubahatisha, kama katika kupiga kura. Kisha wakahesabu ni waombaji wangapi walioitwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Katika kazi za biashara zilizohitaji shahada, waombaji waliotajwa kuwa wamesoma katika vyuo vikubwa vya faida vya intaneti waliitwa pungufu kwa asilimia 22 hivi, wakilinganishwa na waliotoka vyuo vya umma visivyochagua sana wanafunzi. Hii haina maana kwamba watu 22 katika kila 100 walikataliwa. Maana yake ni kwamba, kwa idadi ileile ya maombi, wa umma walipoitwa mara 100, wenzao waliitwa kama mara 78.

Matokeo ya kazi za afya yanafundisha zaidi. Pasipohitajika leseni, wenye vyeti vya vyuo vya faida waliitwa kwa uchache. Palipohitajika leseni, tofauti haikuonekana. Sababu yaelekea kuwa hii: mwajiri haoni elimu iliyomo kichwani mwa mwombaji, hivyo huikisia kwa jina la chuo. Lakini leseni hutolewa kwa kipimo cha nje, kilicho kimoja kwa wote, na hapo hana haja ya kukisia.

Mipaka ya matokeo

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulichunguza vyeti vya chini ya shahada. Haukuona ushahidi kwamba waajiri wanavipendelea vya vyuo vya faida kuliko vile vya vyuo vya umma vya jamii. Tukumbuke pia kwamba kuitwa si kuajiriwa, na kwamba majaribio haya yalipima imani ya waajiri, wala si maarifa ya wahitimu.

Hata hivyo, hasara ya imani hiyo huangukia mwanafunzi. Kampuni ya Corinthian Colleges ilifunga vyuo vyake mwaka 2015, ikiwaacha wanafunzi na madeni. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta madeni ya dola bilioni 5.8 ya watu wapatao 560,000 waliosoma humo.

Hapa kwetu pia vijana hushawishiwa na matangazo ya shahada za ng'ambo zipatikanazo kwa intaneti. Kabla ya kulipa ada, na waulize mambo matatu: Je, Tume ya Vyuo Vikuu inaitambua shahada hiyo? Je, taaluma hiyo ina mtihani au leseni ya nje ya chuo? Na je, deni litalipwaje endapo kazi haitapatikana? Walimu wawasaidie kuyajibu mapema, kwani chuo chenyewe kina maslahi yake katika majibu hayo.