Msituni, unyevu ndio adui wa darubini ya bunduki

Katika misitu ya mashariki mwa RDC, kama ile ya Kahuzi-Biega karibu na Bukavu, mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mlinzi wa mbuga, darubini, iwe ya mkononi au ya bunduki, ni macho ya pili: humsaidia kutofautisha mwindaji haramu na mama anayetafuta kuni. Kioo kikipata ukungu, kosa moja linaweza kugharimu maisha.

Darubini nzuri hujazwa gesi kavu, mara nyingi nitrojeni, na kuzibwa kwa pete za mpira ili mvuke usiingie. Mpira ukichakaa, au mtu akiifungua ili asafishe ndani, gesi hutoka na hewa yenye unyevu huingia. Kisha kuvu huota kama nyuzi za buibui, na asidi yake hula utando uliopakwa juu ya kioo. Alama hizo hazifutiki tena.

Matunzo hayana gharama kubwa. Ondoa kwanza vumbi kwa brashi laini, kwani mchanga ukisuguliwa kwa shati hukwaruza kioo. Baada ya mvua, ikaushe mahali penye hewa, mbali na moto. Usiifungie ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Iweke katika sanduku lenye vijifuko vya silika. Na bunduki ikianguka, kaza skrubu za vishikio, kisha ujaribu shabaha upya kabla ya doria.